Tunapima Kahawa na Malori, Tupime na Mama Wajawazito

Hotuba ya Kamati ya Fedha katika harambee ya mwaka ya umoja wetu, Dar es Salaam



Kwa kawaida Kamati ya Fedha husimama hapa na hesabu: mapato, matumizi na salio. Hesabu hizo zipo, zimekaguliwa, na mtazikuta katika kurasa za mwisho za kabrasha hili. Leo tumeomba muda kidogo zaidi ili tueleze kwa nini tunapendekeza mchango wa mwaka huu uende kwenye jambo ambalo halina jengo kubwa la kukatia utepe. Jambo hilo ni uzito wa mtoto anayezaliwa nyumbani kwetu.

Tunajua wapo wenzetu waliokuja na hoja ya ukumbi wa mikutano. Hoja hiyo ni nzuri, wala hatujaja kuibeza. Tunaomba tu mtusikilize kwanza, kisha kila mmoja apime mwenyewe.

Watu wa mizani

Sisi watu wa Songwe ni watu wa mizani. Mkulima wa kahawa wa Mbozi akipeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, husimama karibu na mzani asipepese macho, maana anajua kilo moja ikipotea ni ada ya shule imepotea. Mfanyabiashara wa mahindi Tunduma hanunui gunia kwa kuliangalia. Lori linalokwenda Zambia au Kongo haliendi popote kabla halijapanda mizani ya Mpemba, na likizidisha uzito, mwenye lori anajua cha kulipa. Wakala wa Vipimo hukagua mizani ya sokoni na kuipiga muhuri, na anayechezea mzani hushtakiwa.

Sasa tujiulize: mtoto wetu anapozaliwa, nani anasimama karibu na mzani? Mama mjamzito anapokwenda kliniki mwezi wa nne na tena mwezi wa sita, nani katika familia anauliza ameongezeka kilo ngapi? Wajumbe wetu waliokwenda nyumbani likizo ya Desemba walipita kwenye zahanati moja, ambayo hatutaitaja, wakakuta mzani wa mama unasoma kilo mbili kabla mtu hajapanda. Mzani wa namna hiyo ungekuwa wa kahawa, kijiji kizima kingeandamana. Kwa kuwa ni wa mama wajawazito, hakuna aliyesema neno.

Gramu 2,500 maana yake nini

Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya gramu 2,500, yaani kilo mbili na nusu, ana uzito pungufu. Chini ya gramu 1,500 ni pungufu sana. Kwa makadirio ya shirika hilo pamoja na UNICEF, mwaka 2020 watoto milioni 19.8 duniani walizaliwa na uzito pungufu. Hiyo ni karibu mtoto mmoja katika kila saba.

Mtoto huwa mwepesi kwa njia mbili. Ama amezaliwa kabla ya wakati, yule tunayemwita njiti, ama amefikisha wakati lakini hakukua vizuri tumboni. Kwa vyovyote vile, anaingia duniani na akiba ndogo. Hupoteza joto upesi, hupata shida ya kunyonya, na maambukizi humshinda kirahisi. Akivuka wiki za kwanza, bado yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kudumaa, na watafiti wa Uingereza wakiongozwa na David Barker walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba waliozaliwa wepesi walikufa zaidi kwa magonjwa ya moyo ukubwani. Tafiti zilizofuata ziliongeza kisukari na shinikizo la damu kwenye orodha hiyo.

Kwa lugha yetu ya uhasibu, uzito wa kuzaliwa ni salio la kuanzia. Mtoto anaweza kulijenga baadaye, na wengi wamelijenga wakawa watu wazima wenye afya. Lakini anayeanza na salio dogo, dharura ndogo tu inaweza kumwangusha.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Na ni jambo la kusikitisha kwamba mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, inayolisha nchi, kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa yenye udumavu mkubwa. Tunauza mahindi, mpunga, maharage na karanga hadi nje ya mpaka, halafu watoto wetu wanadumaa. Kosa haliko shambani peke yake. Udumavu huanza tumboni, na tumboni ndiko tunakotaka kwenda na mchango huu.

Hesabu ya uzito wa mama

Mzigo wa mimba unatokana na vitu viwili: mama alikuwa na uzito gani kabla hajashika mimba, na ameongezeka kiasi gani akiwa nayo.

Wataalamu hupima kwa kulinganisha uzito na urefu. Tuchukue mama wa urefu wa sentimita 156. Akiwa chini ya kilo 45 kabla ya mimba, amekonda kupita kiasi. Akipita kilo 61 hivi, amezidi. Akipita kilo 73, ana unene wa kupindukia. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2009, unaotumika sana duniani, unasema mama aliyekonda aongezeke kilo 12.5 hadi 18 kwa mimba nzima. Mwenye uzito wa kawaida kilo 11.5 hadi 16. Aliyezidi kilo 7 hadi 11.5, na mwenye unene wa kupindukia kilo 5 hadi 9.

Wapo akina baba wanaouliza: mtoto ni kilo tatu tu, hizo nyingine ni za nini? Swali hili ni halali, na jibu lake ni la kihasibu. Katika ongezeko la kilo 12.5, mtoto huchukua takribani kilo 3.4. Kondo la nyuma huchukua zaidi ya nusu kilo. Maji yanayomzunguka mtoto ni kiasi cha gramu 800. Mfuko wa uzazi uliokua ni karibu kilo moja. Damu ya mama huongezeka kilo moja na nusu hivi, na majimaji ya mwili kiasi kama hicho. Matiti huongezeka karibu gramu 400. Kinachobaki, kilo tatu na kitu, ni mafuta, ambayo ni akiba ya kunyonyesha. Kila kilo ina kazi yake. Mama asipoongezeka, hakuna anayeokoa chakula. Gharama inahamishiwa kwenye akaunti ya mtoto.

Dunia ilijifunza hilo kwa njia chungu. Katika majira ya baridi ya 1944 kuelekea 1945, vita viliwanyima chakula watu wa magharibi ya Uholanzi. Akina mama waliokumbwa na njaa hiyo katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba walizaa watoto wepesi kwa takribani gramu 300 kuliko kawaida.

Kwetu hakuna vita. Lakini kuna miezi ambayo ghala limepungua na kazi ya palizi imepamba moto, na mama mjamzito analima, anachota maji, anabeba kuni, anakula wa mwisho. Kuna nyumba ambazo bado mama huambiwa asile mayai, au apunguze kula ili mtoto asiwe mkubwa na uzazi usiwe mgumu. Kuna udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni, unaozuia mwili usichukue madini ya chuma, na chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hufanya hivyo hivyo. Pale Tunduma, kuna mama anayevuka na mzigo kichwani kwenda Nakonde na kurudi, asubuhi hadi jioni, kwa chai na andazi. Hatusemi haya kumlaumu mama yeyote. Tunasema ili nyumba nzima ione kwamba uzito wa mtoto ni hesabu ya familia.

Upande wa pili wa mzani nao upo, hasa kwetu tunaoishi mijini. Mwaka 2015/16 asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa walikuwa wamezidi uzito au wanene kupindukia, na idadi imeendelea kupanda. Mama aliyezidi uzito sana yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kisukari cha mimba, shinikizo la damu, mtoto wa kilo nne na zaidi, na upasuaji. Na shinikizo la damu likija vibaya, mtoto wa mama mnene anaweza naye kuzaliwa njiti. Kwa hiyo "kula kwa ajili ya wawili" si ushauri wa kila mtu. Ushauri wa kila mtu ni kupimwa mapema, kujua ameanzia wapi, na kufuatiliwa.

Jambo zito la mkoa wetu

Sasa tuseme jambo ambalo si rahisi kulisema mbele ya wageni, lakini tuko nyumbani.

Utafiti ule wa 2022 uliuliza wasichana wa miaka 15 hadi 19 kama wamewahi kupata mimba. Kwa taifa zima, waliojibu ndiyo ni asilimia 22. Mkoa wa Songwe ulikuwa asilimia 45, na hakuna mkoa uliotuzidi.

Msichana wa miaka 16 bado mwili wake unakua. Mimba inapoingia, yeye na mtoto wanagombea chakula kilekile. Mara nyingi ana damu pungufu, anachelewa kwenda kliniki kwa aibu au kwa kufichwa, na anazaa mtoto mwepesi au njiti kuliko mwanamke aliyekomaa. Ndiyo maana huwezi kuzungumzia uzito wa mtoto wa Songwe bila kuzungumzia binti wa Songwe. Sisi tunaojua Tunduma tunajua foleni ya malori, nyumba za wageni na fedha ya haraka inayozunguka pale mpakani. Tunajua pia vijiji ambako shule ya sekondari iko mbali na binti anapanga chumba peke yake.

Novemba 2021 Serikali ilifungua mlango kwa wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Hilo ni jema. Lakini hatua ya kwanza ni asipate mimba hiyo kabla ya wakati. Miaka ya nyuma umoja huu ulichangia mabweni, na mwaka huu hatuombi fedha mpya kwa ajili hiyo. Tunaomba kila familia iliyopo hapa imjue kwa jina binti mmoja wa ukoo aliyeko sekondari nyumbani, ijue analala wapi na ada yake inalipwa na nani.

Moshi wa sigara, ugoro na majani ya tumbaku

Mwaka 1957 huko California, Winea Simpson alichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa akina mama wavutaji walikuwa na watoto wenye uzito chini ya gramu 2,500 karibu mara mbili ya wasiovuta. Tafiti nyingi zimefuata tangu wakati huo, na jibu limebaki lilelile: mama akivuta sigara wakati wa mimba, mtoto huzaliwa mwepesi kwa wastani wa gramu 150 hadi 250.

Namna inavyofanya kazi si fumbo. Moshi wa sigara una hewa ya kaboni monoksidi, ambayo hushika kwenye damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Nikotini nayo hubana mishipa, na damu inayofika kwenye kondo la nyuma hupungua. Mtoto anapata hewa kidogo na chakula kidogo, siku hadi siku, kwa miezi.

Mtasema: mama zetu hawavuti. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta wanawake wanaotumia tumbaku ya aina yoyote ni asilimia 3.2, na wanaume asilimia 14.6. Lakini namba hiyo isitufanye tulale, kwa sababu nne.

Kwanza, baba anayevuta ndani ya nyumba anamvutisha mama. Mama asiyevuta lakini anaishi kwenye moshi wa wengine huzaa mtoto mwepesi kwa gramu 30 au zaidi kwa wastani. Ni kidogo kuliko mvutaji mwenyewe, lakini kwa mtoto aliyekuwa afike gramu 2,510, ndiyo tofauti ya kuvuka mstari au kutovuka.

Pili, wapo mabinti wanaohudumu kwenye baa na nyumba za wageni za Tunduma na Mlowo, wengine wakiwa wajawazito, wakikaa kwenye moshi kwa saa nyingi. Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inadhibiti uvutaji katika maeneo ya umma na inakataza kuuza tumbaku kwa walio chini ya miaka 18. Wenye biashara hizo wengine ni ndugu zetu, na wengine tuko nao hapa usiku huu. Kutenga sehemu ya nje ya kuvutia hakuhitaji harambee.

Tatu, ugoro. Bibi zetu na baadhi ya mama huona ugoro si sigara. Hauna moshi, ni kweli, lakini nikotini ni ileile, na inamfikia mtoto.

Nne, tumbaku shambani. Katika ukanda wa Chunya na Wilaya ya Songwe, tumbaku ni zao la biashara. Majani mabichi yenye umande hupitisha nikotini kwenye ngozi, na mvunaji hupata kichefuchefu, kizunguzungu na kutapika. Mama mjamzito akiumwa hivyo, watu husema ni mimba. Kuvuna tumbaku na kukaa kwenye mabani ya kukaushia kusiwe kazi ya mjamzito. Hilo linaweza kuamuliwa na familia kesho asubuhi.

Habari njema ni kwamba mwili husamehe upesi. Tafiti zimeonyesha kuwa wavutaji walioacha kabla ya wiki ya 15 ya mimba walipata matokeo yasiyotofautiana na ya wasiovuta. Baba anayesubiri mtoto naye ana nafasi hiyo hiyo ya kutoka nje na sigara yake, au bora zaidi kuizima kabisa.

Na moshi wa jikoni?

Hapa tunataka kuwa wakweli, kwa kuwa fedha ni zenu. Moshi wa kuni na mkaa una sumu nyingi zilizomo kwenye moshi wa sigara, na utafiti uliofanyika Dar es Salaam ulikuta akina mama waliopumua chembechembe nyingi za moshi walielekea kuzaa watoto wepesi zaidi. Lakini jaribio kubwa lililofanyika Guatemala, India, Peru na Rwanda, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, liliwapa akina mama wajawazito majiko ya gesi. Moshi ulipungua sana, ila uzito wa watoto haukuongezeka kwa kiasi cha maana.

Kwa hiyo hatuji kuwaambia kuwa mtungi wa gesi utaongeza gramu za mtoto. Jiko safi lina faida nyingine: macho, mapafu, muda wa kutafuta kuni na misitu yetu. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania, na tunauunga mkono. Lakini katika bajeti hii ya uzito wa mtoto hatukuweka gesi, na sababu mmeisikia.

Kilichoonekana kufanya kazi

Tumetafuta mambo ambayo watu walijaribu, wakapima, yakaleta matokeo. Tumepata matatu ya Afrika, mawili yakiwa ya hapahapa nchini.

La kwanza ni Gambia. Katika vijiji 28 vya huko, wajawazito walipewa kila siku biskuti zilizotengenezwa kwa karanga, unga wa mchele, sukari na mafuta ya karanga. Matokeo yalitolewa mwaka 1997. Watoto waliongezeka uzito kwa wastani wa gramu 136, na katika msimu wa njaa gramu 201. Waliozaliwa wafu na waliokufa wiki ya kwanza walipungua. Ndugu zangu, karanga! Karanga zetu tunazojaza kwenye malori.

La pili ni Dar es Salaam. Kati ya 2001 na 2004, wajawazito 8,468 wasio na virusi vya UKIMWI walifuatiliwa na watafiti wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Harvard. Wote walipata vidonge vya kuongeza damu. Nusu waliongezewa vitamini mchanganyiko. Waliopata vitamini, watoto wenye uzito pungufu walikuwa asilimia 7.8, wasiopata, asilimia 9.4. Si muujiza, lakini kwa mama elfu moja ni watoto 16 waliovuka mstari.

La tatu ni la mtoto aliyekwisha kuzaliwa mwepesi. Njia ya kangaruu, ya kumweka mtoto kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya jaribio la hospitali za nchi tano, Muhimbili ikiwamo. Watoto wa kilo moja hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12 ndani ya siku 28. Waliosubiri hadi hali itulie walikufa asilimia 15.7. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu jibu lilikuwa wazi. Kinachohitajika ni chumba chenye joto, kitanda au kiti cha kuegemea, kitenge cha kufungia, na mama mkwe au baba wa kupokezana.

Tukiongeza chandarua na dawa ya kuzuia malaria inayotolewa kliniki, hasa kwa mama wa bonde la Momba na Rukwa kwenye joto na mbu wengi, orodha inakuwa imekamilika vya kutosha kuanza.

Tunachoomba

Tunaomba harambee hii igharimie mambo matatu.

1. Mizani sahihi ya mama na ya watoto wachanga, vipimo vya urefu, na tepe za kupimia mkono, kwa zahanati zitakazoainishwa na Waganga Wakuu wa halmashauri zetu. Mizani ikaguliwe kila mwaka, kama ya sokoni.

2. Chumba kimoja cha kangaruu katika kituo cha afya kitakachochaguliwa pamoja na halmashauri, chenye vitanda, viti, mablanketi na kipasha joto.

3. Mbegu za karanga na mafunzo ya mapishi kwa vikundi vya wajawazito na mama wanaonyonyesha, vikisimamiwa na maofisa lishe na wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

Hatutanunua dawa, kwa sababu hilo ni jukumu la Serikali na lina utaratibu wake. Hatutaajiri mtu. Hakuna fedha itakayotoka bila sahihi mbili na stakabadhi, na kila kifaa kitaandikwa namba na kukabidhiwa kwa hati. Bei za kila kifaa ziko kwenye jedwali la ukurasa wa mwisho, pamoja na fomu ya ahadi. Mwakani tutarudi hapa kuwaambia mizani mingapi ilifika, mingapi inafanya kazi, na watoto wangapi wamelala kwenye chumba kile. Tukishindwa kuwaambia hivyo, mtunyime kura.

Kuhusu ukumbi: tunaamini utajengwa. Ukumbi unaweza kusubiri mwaka mmoja. Mimba haisubiri, miezi tisa ikipita, hesabu imefungwa, na mtoto amekwisha kupewa salio lake la kuanzia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tumeshajenga kuta nyingi za gharama kwenye wodi na kwenye madarasa ya watoto wasioweza kushika wanachofundishwa.

Na yako mambo ambayo hayahitaji hata shilingi. Ukimpigia simu mdogo wako au mkwe wako aliye na mimba, baada ya salamu muulize: umeanza kliniki? Kadi inasema kilo ngapi? Mwezi uliopita zilikuwa ngapi? Vidonge vya damu unameza? Halafu omba kuzungumza na mumewe, umuulize yeye anavutia wapi sigara yake na nani anabeba maji siku hizi. Yai moja, kikombe cha maziwa, konzi ya karanga, mapumziko ya mchana: nyumba nyingi za kwetu zinayaweza haya zikiamua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu zetu wana-Songwe, fomu ziko mezani kwenu na wahazini wasaidizi wanapita na vitabu vya stakabadhi. Atakayetoa taslimu apewe stakabadhi hapohapo. Atakayeahidi aandike tarehe. Karibuni tuchangie.